Tarehe Inayoanza Saa 7 Mchana

Nyuma ya kaunta, juu ya majora ya hariri na pamba, kuna kalenda ya ukutani inayokuja kutoka Gujarat kila mwaka, ndani ya mzigo wa ndugu yeyote anayesafiri. Nilipoanza kazi katika duka hilo la vitambaa mwaka 2016, mitaa michache kutoka Kisutu hapa Dar es Salaam, nilidhani ni kalenda kama zile tunazogawiwa na mabenki. Nilipoisogelea nikaona kila chumba cha tarehe kimejaa: tarakimu yetu kubwa, tarakimu ndogo ya Kigujarati, saa na dakika, vifupisho, na mahali pengine mwezi mwembamba umechorwa pembeni. Juu ya vyote hivyo kulikuwa na maandishi ya penseli.

Mwenye duka ni mama mtu mzima. Sisi wafanyakazi na hata wateja humwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati.

"Shikamoo Ba," nilimwambia asubuhi moja. "Mbona kalenda imejaa penseli?"

"Marahaba. Hiyo ni saa ya India, mwanangu. Mimi naishi hapa. Natoa saa mbili na nusu."

Sikuelewa. Kwangu tarehe ilikuwa tarehe. Kama leo ni tarehe 11, ni tarehe 11 kuanzia asubuhi hadi usiku, na saa haihusiki. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba tarehe ya Ba haihesabiwi kama yangu. Yake inapimwa. Na kwa kuwa nimewasikia wengi wakiiita kalenda ile kitabu cha ramli, nataka kueleza nilichokiona ndani yake, maana mimi ni mtoto wa mvuvi wa Kunduchi na nilipoielewa nilimkuta baba yangu humo.

Kalenda hiyo ya Wahindu inaitwa panchanga, yaani viungo vitano. Kiungo kinachobeba vingine ni tithi. Sisi tunaofuata mwezi mwandamo tunasubiri jicho lione hilali, kisha tunahesabu machweo moja, mawili, matatu, hadi 29 au 30. Wahindu walikwenda njia nyingine. Walitazama umbali kati ya jua na mwezi angani. Jua na mwezi vikiwa mahali pamoja, mwezi hauonekani, umbali ni sifuri. Kisha mwezi hutangulia. Ukishalizidi jua kwa nyuzi 12, tithi ya kwanza imekwisha na ya pili imeingia. Nyuzi 12 nyingine, ya tatu. Mzunguko mzima una nyuzi 360, kwa hiyo tithi ni 30: 15 za mwezi kukua, zinazoishia kwenye purnima, mwezi mpevu, na 15 za mwezi kupungua, zinazoishia kwenye amavasya, usiku wa giza.

Angalia basi kinachofuata. Mwezi hauendi kwa mwendo mmoja. Njia yake si duara kamili, na ukiwa karibu na dunia hukaza mwendo, ukiwa mbali hujikokota. Kwa hiyo tithi moja huweza kwisha kwa saa 19 hivi, nyingine ikavuta hadi saa 26 na ushei. Wala haingoji usiku wa manane wala macheo ili ianze. Huanza pale nyuzi zinapotimia, iwe saa 7 mchana, iwe saa 9 usiku. Ndiyo maana ya zile saa na dakika katika kila chumba: zinaonyesha tithi inakwisha lini.

Lakini watu wanahitaji siku ya kufungua duka na siku ya kufunga. Wakaweka kanuni: siku huanza jua linapochomoza, na tithi inayokutwa na macheo ndiyo inayoipa siku jina lake. Kwetu Waswahili jambo hili haliwi gumu. Saa yetu ya kwanza ni saa moja baada ya macheo, na usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe. Tumezoea kwamba siku ina mlango wake na mlango huo ni jua. Wahindu wa kale waligawa siku yao, macheo hadi macheo, kuwa ghadi 60, kila moja dakika 24.

Sasa, tithi fupi ikianza baada ya macheo ya leo na kwisha kabla ya macheo ya kesho, haikukutwa na macheo yoyote. Inarukwa. Leo ni ya 7, kesho ni ya 9, na ya 8 haina siku. Tithi ndefu ikikutwa na macheo mawili, inarudiwa, siku mbili jina moja. Mara ya kwanza nilipoona chumba chenye tarakimu iliyorudiwa nikamwambia Ba kwamba wachapaji wamekosea. Hakunicheka. Alichukua penseli na kopo la peremende, akaweka peremende moja katikati ya kaunta kuwa dunia, nyingine mbali kuwa jua, na ya tatu akaizungusha kwa kidole kuwa mwezi, akienda haraka upande mmoja na polepole upande mwingine. Nusu saa tulikuwa hapo, na mteja wa kitambaa cha pazia akasimama kusikiliza pamoja nami.

Hapo penseli ikapata maana. Jua na mwezi vikifikia nyuzi fulani, vimefikia kwa dunia nzima kwa wakati mmoja. Macheo, lakini, kila mji una yake. Mwishoni mwa Oktoba jua huchomoza Ahmedabad saa 12:45 asubuhi kwa saa ya India. Kwa saa yetu ni saa 10:15 alfajiri, na hapa Dar es Salaam bado ni giza. Letu huchomoza saa 11:56. Tuseme tithi ya kumi inakwisha Ahmedabad saa 1:30 asubuhi. Macheo ya kule yameikuta ya kumi, basi siku nzima kwao ni ya kumi. Kwetu imekwisha saa 11 kamili alfajiri, na macheo yetu yanaikuta ya kumi na moja. Ndugu wawili, mmoja Ahmedabad na mmoja Dar, wanaongea kwa simu asubuhi hiyohiyo wakiwa katika tarehe mbili tofauti, na wote wako sahihi. Tithi ya kumi na moja ni ekadashi, siku ya kufunga kula nafaka, kwa hiyo si jambo dogo. Na wafuasi wa mungu Vishnu wana sharti la ziada, kwamba tithi ya kumi isiguse hata muda wa alfajiri kabla ya macheo, la sivyo funga inasogezwa mbele. Kalenda iliyochapwa Gujarat haiwezi kumjibia hayo mtu wa Dar es Salaam. Lazima ashike penseli.

Nasi tunalijua jambo hili vizuri. Kila mwaka mwisho wa Shaabani tunaulizana: tufuate mwezi ulioonekana hapa, au ulioonekana popote? Nilipokuwa mdogo niliona aibu kwamba nyumba mbili za mtaa mmoja husali Idi siku mbili. Leo sioni aibu. Anga ni moja na mahali pa kusimama ni pengi. Yeyote anayetumia anga kuwa saa yake atakutana na swali hilo.

Kiungo cha pili, vara, ni siku za juma, saba kama zetu, zimepewa jua, mwezi na sayari tano: Jumapili ya jua, Jumatatu ya mwezi, Jumanne ya Mars, na kuendelea hadi Jumamosi ya Saturn. Sina la kuongeza hapo.

Cha tatu, nakshatra, ndicho kilichonishika moyo. Mwezi huzunguka anga na kurudi kwenye nyota ileile kwa siku 27 na saa kadhaa. Wakaigawa njia yake kuwa vituo 27, kama nyumba 27 za kulala msafiri, kila usiku takriban moja. Kituo cha tatu ni Krittika. Ba alinionyesha jina hilo bila kujua lolote kuhusu kwetu, akasema ni kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana. Nikamwambia, Ba, hicho ni Kilimia. Baba yangu alitufundisha: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Wakulima na wavuvi wa pwani hii walizitazama nyota zilezile ili wajue majira, kama jina lenyewe linavyosema, kulima.

Na miezi ya Kihindu inatokana na vituo hivyo. Mwezi mpevu unapotokea karibu na Krittika, mwezi huo wa kalenda unaitwa Kartika. Karibu na nyota ya Chitra, Chaitra. Karibu na Vishakha, Vaishakha. Mtu aliyepotea tarehe anaweza kutoka nje usiku wa mbalamwezi, akatazama mwezi umelala nyumba ya nani, akajua yuko mwezi gani. Sisi tuna Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, majina ya kuhesabu tangu tulipofungulia; ni mazuri kwa kumbukumbu ya ibada, lakini hayakuelekezi juu.

Yoga na karana, viungo viwili vilivyobaki, ni hesabu za ziada. Yoga inajumlisha mahali pa jua na mahali pa mwezi badala ya kutoa, na kuna 27. Karana ni nusu ya tithi, nyuzi 6. Zote zinatumika zaidi katika kuchagua saa ya jambo. Karana iitwayo Vishti, kwa mfano, huepukwa kwa harusi na safari. Na hapa niseme waziwazi: mimi siamini kwamba saa ina heri au nuhusi yenyewe. Kwetu pia wapo wapigao falaki na watajao siku za nuhusi, na sikuwahi kuwafuata. Lakini kutoamini kwangu hakuifanyi hesabu kuwa ya uongo. Jua na mwezi viko pale panchanga inaposema viko. Anayeitupa yote kwa sababu ya sehemu hiyo anatupa elimu ya anga ya karne nyingi.

Lipo swali moja nililomuuliza Ba mapema kabisa. Ramadhani yetu huzunguka. Nimefunga wakati wa kaskazi na nimefunga wakati wa kusi. Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, nayo inafuata mwezi. Mbona haijawahi kuja Mei?

Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354. Mwaka wa jua ni 365 na robo. Kila mwaka kuna upungufu wa siku 11 hivi. Uislamu umeuacha upungufu huo uende, ndiyo maana Ramadhani hutembelea majira yote. Wahindu wanaurudisha. Wameigawa njia ya jua kuwa sehemu 12, na jua linapoingia sehemu mpya huitwa sankranti. Kwa kawaida kila mwezi wa mwandamo hupata sankranti moja. Ila mwezi wa mwandamo ni mfupi kidogo kuliko safari ya jua katika sehemu moja, na baada ya miezi 32 au 33 hutokea mwezi usiopata sankranti yoyote. Mwezi huo hauhesabiwi kuwa wa kawaida. Unaitwa adhika, wa ziada, unaazima jina la mwezi unaoufuata, na mwaka huo una miezi 13.

Niliushuhudia mwaka 2023. Jua liliingia sehemu iitwayo Kaa katikati ya Julai, muda mfupi kabla ya mwezi mpya. Mwezi mpya wa kalenda ukaanza tarehe 18 Julai na kwisha 16 Agosti, na jua likaingia sehemu ya Simba tarehe 17, siku moja baadaye. Kwa tofauti ya siku moja, mwezi mzima ukabaki bila sankranti. Ukawa Shravana ya ziada, kisha ikafuata Shravana yenyewe. Dukani tuliiona kwa macho: mwezi wa ziada hauna harusi, basi vitambaa vyekundu na vya nyuzi za dhahabu vilikaa rafuni bila kuguswa, na Ba alishinda akisoma vitabu vya ibada kwa sababu mwezi huo huitwa pia wa Purushottama, wa Mungu mwenyewe. Diwali ya 2022 ilikuwa 24 Oktoba. Ya 2023, kwa ajili ya mwezi ule, ikasogea hadi 12 Novemba. Ya 2024 ikarudi 31 Oktoba, ya 2025 ikashuka hadi 20 Oktoba, na mwaka 2026 mwezi wa ziada, kuanzia 17 Mei hadi 15 Juni, unaipeleka tena Novemba. Inayumba, lakini haiondoki kwenye kamba yake.

Hata mababu zetu walilihisi hitaji hilo. Manahodha hawakuweza kusafiri kwa mwezi mwandamo peke yake, kwa kuwa kusi na kaskazi haziufuati. Wakawa na mwaka wa jua pia, kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya, wakihesabu kwa miongo, siku kumi kumi. Makunduchi, Unguja, bado wanauoga mwaka huo kila Julai. Tulikuwa na kalenda mbili, moja ya ibada na moja ya bahari. Wahindu walizishona zikawa moja.

Ushonaji huo haukufanana kila mahali. Gujarat, Maharashtra na kusini mwezi hukoma kwenye giza. Kaskazini hukoma kwenye mwezi mpevu, kwa hiyo sikukuu moja ya siku moja inaweza kutajwa kwa majina mawili ya miezi. Watamil na Wabengali hufuata miezi ya jua. India ilipopata uhuru, serikali iliunda kamati mwaka 1952 chini ya mwanafizikia Meghnad Saha. Ilikuta kalenda zipatazo 30 zikitumika nchini. Ripoti yake ilitoka 1955, na tarehe 22 Machi 1957 ikaanza kalenda moja ya taifa. Ipo hadi leo kwenye gazeti la serikali, lakini sikukuu watu wameendelea kuzitafuta katika panchanga zao. Nadhani nawaelewa. Mtu hamwachii mwingine amwambie mama yake alikufa tithi gani.

Nirudi kwenye Diwali ya 2024, maana hapo ndipo niliposhika penseli mwenyewe.

Diwali ni amavasya ya mwezi wa Ashvina, na taa huwashwa baada ya machweo. Kwa hiyo inatakiwa jioni ambayo amavasya ipo. Kalenda iliandika kwamba amavasya inaanza Alhamisi tarehe 31 Oktoba saa 9:52 alasiri na kwisha Ijumaa tarehe 1 Novemba saa 12:16 jioni. Soma tena. Jioni ya Alhamisi ipo. Jioni ya Ijumaa, Delhi ambako jua linazama saa 11:36, pia ipo, dakika 40. India ikagawanyika, wengi wakashika Alhamisi, wengine Ijumaa, na simu za ndugu zikawa haziishi dukani. Ba aliniita. "Njoo uandike wewe, macho yangu yamechoka."

Nikatoa saa mbili na nusu. Mwanzo: Alhamisi saa 7:22 mchana. Mwisho: Ijumaa saa 9:46 alasiri. Machweo ya Dar es Salaam: saa 12:17 jioni. Ijumaa jua linapozama hapa, amavasya imekwisha saa mbili na nusu zilizopita. Kwetu hapakuwa na mgogoro wowote. Alhamisi, basi. Ba alitazama namba zangu muda mrefu, akazizungushia duara.

Alasiri hiyo nilikaribishwa kwenye chopda pujan, ibada ya daftari za hesabu. Wafanyabiashara wa Kigujarati hugawa mchana kuwa vipande vinane viitwavyo choghadiya, kila kimoja dakika 90 na ushei, na kipande cha mwisho siku ya Alhamisi huitwa Shubh, heri. Kwa macheo na machweo ya hapa kilianza saa 10:44. Kwa muda huo daftari jipya, lenye jalada jekundu la kitambaa, liliwekwa juu ya bati la shaba. Ba alichovya kidole kwenye unga mwekundu akachora alama, kisha akaandika neno Shri mara moja, chini yake mara mbili, chini yake mara tatu, hadi ukurasa ukawa na umbo la mlima. Pembeni, Shubh. Upande wa pili, Labh, faida. Akaweka popoo na sarafu. Kompyuta ya duka nayo ilipakwa alama nyekundu kwenye kona ya kioo, kwani hesabu nyingi sasa zimo humo.

Ijumaa haikuwa Diwali wala mwaka mpya, ambao kwa Wagujarati hufuata Diwali. Macheo yake yaliikuta amavasya bado ipo, kwa hiyo tithi ya kwanza ya mwaka ilibidi ingoje macheo ya Jumamosi tarehe 2 Novemba, ndipo ukaingia mwaka 2081 kwa hesabu ya miaka iitwayo Vikrama. Siku kama ile iliyobaki katikati Wagujarati wanaiita dhoko. Duka lilifungwa.

Jumapili nilikwenda Kunduchi kumwona baba. Asubuhi saa nne maji yalikuwa yametoka, wanawake wameinama kwenye mwani na pweza, na baba amekaa kwenye ubavu wa ngalawa akitazama.

"Bamvua hili halina nguvu," akasema, yaani yale maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu. "Maji hayakwenda mbali."

Nikakumbuka kwamba amavasya ile ilivuta saa 26 na dakika 24, ndefu kupita kiasi, kwa sababu mwezi ulikuwa umetoka kufika mbali kabisa na dunia usiku wa kuamkia tarehe 30 na ulikuwa bado unajikokota. Ulipokuwa mbali, haukuvuta maji sawasawa. Nikamweleza. Nilichukua kijiti nikachora mchangani dunia, jua na njia ya mwezi iliyobonyea upande mmoja, kama Ba alivyofanya kwa peremende.

Baba aliitazama michoro. Akachukua kijiti kutoka mkononi mwangu, akaweka alama pale mwezi unapokuwa karibu.

"Hapa," akasema, "ndipo unapopata pweza."